Bora Kibanda Umiza Kuliko Simu Kitandani

Wanachuo wenzangu, najua mtanicheka. Sote tuna simu, tuna bando, na muvi tunarushiana bure. Nani atake tena benchi la mbao lisilo na egemeo? Mimi nataka.

Nimekulia Msasani. Mwaka 1966 ilifunguliwa huku sinema ya Drive-in, watu wakitazama wakiwa ndani ya magari. Leo kiwanja kile kina Ubalozi wa Marekani. Kizazi changu kilikuta vibanda umiza: mabati, tivii moja, feni inayozungusha joto, kiingilio shilingi 200.

Kaka yangu aliingia kila Jumamosi. Mimi mama alinikataza: "Kule si kwa watoto wa kike." Basi nikasimama nje, jicho kwenye tundu la bati, nikimsikiliza Lufufu akitafsiri muvi za wazungu na Wachina. Hakutafsiri neno kwa neno. Alisimulia, akaeleza, akatia utani wa mtaani, na kibanda kizima kikacheka kwa pamoja. Leo nasomea ualimu, na kila tukifundishwa namna ya kumshirikisha mwanafunzi, namkumbuka yule bwana.

Sisemi kwamba mama alikosea. Kibandani kulikuwa na moshi, matusi, na watoto waliotoroka shule. Nyumbani msichana anatazama kwa amani, anasimamisha anapotaka, anarudisha nyuma. Hilo si jambo dogo, na wavulana wanaosifia kibanda huwa wanalisahau.

Lakini tazameni hosteli zetu. Chumbani kwetu tuko wanne, simu nne, earphone nne. Juzi usiku nilimsikia mwenzangu wa kitanda cha juu analia. Nikadhani kapigiwa simu ya msiba. Nikapanda kumpa pole, kumbe ni muvi. Tena ni ile ile niliyokuwa naitazama mimi kitandani kwangu, yeye akiwa mbele yangu dakika kumi tu! Tumelala mita moja, kila mtu analia kivyake.

Hapo ndipo nilipojua ninachokikosa. Nilipokuwa nachungulia tunduni picha nilikuwa naiona nusu, lakini kicheko nilikipata chote.

Kwa hiyo naomba serikali yetu ya wanafunzi ituombee ukumbi mmoja wa mihadhara wenye projekta, jioni moja kwa wiki. Kuwe na taa nje, mlango wazi, wasichana wakae popote wanapotaka. Na mwenye mdomo mwepesi asimame mbele atutafsirie.

Wakati tunasubiri majibu, chumba chetu kinaanza Ijumaa hii. Laptopu ya mwenzetu tutaiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kiingilio ni karanga.