AFYA YA NYUMBANI: Uti wa Mgongo, na Maumivu Yasiyofaa Kuvumiliwa

Mwezi uliopita tulisema habari za macho. Mwezi huu twapenda kueleza habari za mgongo, kwa maana hapana nyumba isiyo na mtu aulalamikiaye. Mama arudipo kisimani na ndoo kichwani, baba arudipo shambani na jembe, mwalimu ainukapo penye madaftari aliyoyasahihisha siku kutwa, wote husema neno moja: "Mgongo waniuma." Maumivu mengi ya namna hiyo hupona yenyewe. Lakini yako maumivu mengine, ambayo yakitambuliwa mapema mgonjwa hupona, na yakicheleweshwa humwachia kilema cha maisha. Twataka kila baba, kila mama na kila mwalimu ajue kuyapambanua hayo mawili.

Jinsi mgongo ulivyojengwa

Watu wengi hudhani ya kuwa uti wa mgongo ni mfupa mmoja, kama boriti ya nyumba. Sivyo. Ni mifupa mingi midogo iitwayo pingili, iliyopangwa moja juu ya nyingine. Mtoto huwa na pingili 33 hivi: 7 za shingo, 12 za kifua ambazo mbavu zimeshikamana nazo, 5 za kiuno, 5 zilizo kati ya nyonga, na 4 hivi za mwisho kabisa, ziitwazo kifandugu. Mtu akisha kukua, zile 5 za nyonga huungana zikawa mfupa mmoja, na zile za kifandugu vivyo hivyo. Basi pingili ziwezazo kujongea kila moja peke yake hubaki 24. Twiga naye, pamoja na urefu wote wa shingo yake, ana pingili 7 tu za shingo kama sisi. Yake ni marefu tu kuliko yetu.

Baina ya pingili na pingili pana kitakia cha gegedu, kigumu ukingoni na chenye ute mzito katikati. Vitakia hivyo ni 23, na kazi yake ni kuupokea uzito wa mwili ili mfupa usisagane na mfupa. Mchana kutwa vyabanwa, na maji yake hupungua kidogo. Usiku tulalapo huyapata tena. Ndiyo sababu mtu akipimwa kimo asubuhi huonekana mrefu kuliko jioni, kadiri ya sentimita moja.

Nyuma ya kila pingili pana tundu, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji. Ndani ya mfereji huo umepita ugwe mwororo utokao katika ubongo, ambao kwa mtu mzima urefu wake ni sentimita 45 hivi, wala unene wake haupiti kidole kidogo. Katika ugwe huo hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu, ichukuayo amri za ubongo hata mikononi na miguuni, na kurudisha habari za joto, baridi na maumivu. Basi uti wa mgongo una kazi mbili: ni nguzo ya kubebea, tena ni sanduku la kulindia. Nguzo ikiumia, mtu husikia maumivu. Sanduku likivunjika, miguu hupooza.

Maumivu ya kawaida

Maumivu mengi ya mgongo hutoka katika misuli na kano zilizochoshwa kwa kuinama au kwa kubeba vibaya. Mengine hutoka katika kile kitakia. Ukingo wake ukipasuka, ute hutokeza na kuubana mshipa wa fahamu. Ndipo maumivu hushuka kutoka kiunoni, yakapita matakoni hata mguuni. Jambo hilo lilielezwa waziwazi mwaka 1934 na madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr. Hata hayo, mara nyingi hutulia kwa majuma kadha wa kadha pasipo kupasuliwa.

Zamani wagonjwa wa namna hii waliamriwa kulala kitandani siku nyingi. Sasa imejulikana ya kuwa kulala sana huchelewesha kupona. Yafaa mtu atembee kadiri awezavyo na kurudia kazi zake kidogo kidogo. Na ainuapo mzigo, apige magoti na kuukaribisha kifuani, asiuvute kwa mgongo uliopinda.

Mtoto tuliyemdhania kuwa mvivu

Sasa twaja kwenye maumivu ya namna ya pili, na hapa yatupasa kuungama kosa letu wenyewe.

Miaka mingi imepita tangu tulipokuwa tukifundisha watoto wa darasa la tatu katika shule moja ya bara. Kati yao alikuwamo mtoto wa miaka tisa, mwenye adabu na mbio nyingi. Baada ya likizo tuliona amebadilika. Kalamu yake ikianguka hakuinama kuiokota, bali alichuchumaa polepole, mgongo umesimama wima kama mlingoti, na mkono mmoja ukijitegemeza pajani. Siku ya kufagia uwanja alisimama kando na fagio lake. Tulimwambia kuwa ni mvivu, na kwa adhabu tukamwongezea zamu za kufagia. Hakutujibu neno.

Nyumbani kwao nako alikuwa akilia usiku katika usingizi. Wengine wakasema amerogwa, akachanjwa chale mgongoni. Hivyo miezi mitatu ikapita. Shuleni tulimwita mvivu, nyumbani walimwita mwenye kurogwa, wala hapana hata mmoja wetu aliyemvua shati akautazama mgongo wake.

Siku moja alianguka njiani, miguu haina nguvu, tukambeba mpaka hospitali. Daktari alipitisha kidole katikati ya mgongo wake, kikakwama penye kinundu.

"Waumwa hapa tangu lini, mwanangu?"

"Tangu kabla ya mavuno, Bwana," akajibu mtoto. Nasi tukajua ya kuwa siku zote za adhabu yetu alikuwa akiumwa.

Ugonjwa wake ulikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alinywa dawa mwaka mzima. Nguvu za miguu zikarudi, akatembea, akamaliza shule. Lakini kibiongo hakikuondoka. Baba yake hakutulaumu hata siku moja. Sisi twajilaumu mpaka leo.

Ugonjwa huu ni nini?

Vijidudu vya kifua kikuu huingia kwa pumzi mpaka mapafuni. Wakati mwingine huchukuliwa na damu kutoka huko hata mifupani, na katika mifupa yote hupenda zaidi uti wa mgongo, hasa sehemu ya chini ya kifua na ya juu ya kiuno. Huko hula upande wa mbele wa pingili mbili zilizo jirani, pamoja na kitakia kilicho katikati. Upande wa mbele ukibomoka, mgongo huinamia mbele na nyuma hutokeza kinundu. Usaha na vipande vya mfupa vikiubana ule ugwe, miguu hupooza. Na mgonjwa huenda asikohoe hata kidogo. Kwa hiyo watu hawadhani ya kuwa ni kifua kikuu.

Wala si ugonjwa mpya, wala si wa nchi moja. Mwaka 1910 wataalamu Elliot Smith na Ruffer walieleza habari za maiti iliyokaushwa ya kuhani wa Misri, aliyekufa yapata miaka 3000 iliyopita, nayo ilikuwa na kibiongo cha ugonjwa huu. Mwaka 1779 daktari Percivall Pott wa London aliandika jinsi kibiongo na kupooza miguu vifuatanavyo, ila sababu yake hakuijua. Sababu ilijulikana mwaka 1882, Robert Koch alipovitangaza vijidudu vyenyewe huko Berlin. Basi atakaye kumtafuta mchawi amechelewa: mwenye kosa alikwisha kuonekana zamani.

Hata baada ya hapo dawa haikuwapo. Watoto walifungwa kwa plasta na kulazwa miezi mingi, hata miaka. Mwaka 1943 ilipatikana streptomisini, na dawa nyingine zikafuata. Tangu miaka ya 1960 madaktari walifanya majaribio makubwa huko Korea, wakaona ya kuwa wagonjwa walionywa dawa barabara huku wakitembea walipona sawasawa na wale waliolazwa kitandani. Nchi zetu nazo zina sehemu yake katika habari hii. Mwaka 1970 yalianza Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia majaribio ya kuponya kifua kikuu cha mapafu kwa miezi 6, mahali pa mwaka na nusu au zaidi, na dunia nzima ikajifunza kwayo. Kwa kifua kikuu cha mgongo madaktari wengi huendeleza dawa miezi 9 hata 12.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, maumivu ya mgongo yazidiyo majuma mengi, yasiyopungua mtu apumzikapo, na yamwamshayo usiku.

Pili, maumivu hayo yakifuatana na homa za jioni, jasho la usiku, au kukonda.

Tatu, mtoto akataaye kuinama na kuchuchumaa kama tulivyoeleza. Mwangushie kitu chini, umwambie akiokote, utazame afanyavyo. Kisha mvue shati, upitishe kidole taratibu juu ya pingili zake toka shingoni hata kiunoni, uone kama pana kinundu au mahali pa maumivu.

Nne, miguu kuwa mizito, kufa ganzi, au kujikwaa ovyo. Na mtu mwenye maumivu ya mgongo akishindwa kuzuia haja au kupata mkojo, apelekwe hospitali siku ile ile, asingoje kesho.

Mwenye dalili hizi asikandwe kwa nguvu, wala asivutwe mgongo, wala asichanjwe chale. Apelekwe apigwe picha ya eksirei na kupimwa. Katika Tanzania na Kenya dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali na zahanati za serikali. Akisha kuanza kunywa dawa asiache, hata maumivu yakiisha mwezi wa pili, kwa maana vijidudu vilivyosalia hurudi vikiwa vikali kuliko kwanza. Wenye virusi vya UKIMWI huupata ugonjwa huu upesi zaidi, basi wao wasichelewe hata kidogo.

Na nyumbani tusimtenge mgonjwa. Kifua kikuu cha mgongo peke yake hakiambukizi watu. Kile cha mapafu ndicho kienezwacho kwa kikohozi. Kwa hiyo mtoto akionekana nacho, watu wote wa nyumba wapimwe, hasa mzee akohoaye siku nyingi, maana huenda ndiye aliyempa pasipo kujua. Mtoto mchanga apate chanjo yake ya BCG. Maziwa ya ng'ombe yachemshwe kabla ya kunywewa, kwa kuwa ng'ombe nao wana kifua kikuu chao kiwezacho kumpata mtu.

Kwa walimu wenzetu tuna neno moja la mwisho. Mtoto aliyekuwa mwepesi akawa mzito ghafula, msiseme upesi kuwa ni mvivu. Muulizeni kwanza aumwa wapi, kisha utazameni mgongo wake. Kazi hiyo ni ya dakika mbili tu, nasi hatukuifanya kwa miezi mitatu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema habari za masikio.