KUFULI HALINA KOSA

Ndugu wanachama,

Tangu ushirika ufunge waifai pale ofisini, maneno ni mengi. Wengine wanapata, wengine hawapati. Sasa imezuka hoja kwamba neno la siri liondolewe, kila mtu aingie tu. Mimi napinga. Mlango wa ghala ukigoma kufunguka, hatung'oi kufuli. Tunatazama kwanza kama ufunguo ndio wenyewe.

Bando lile tunalilipia kwa fedha za wanachama. Likiachwa wazi, wapita njia watalimaliza, na siku ya kuangalia bei ya mazao tutakuta patupu. Tena neno la siri ndilo linalofumba habari zinazopita hewani kati ya simu na mtambo. Likiondolewa, mtu aliye karibu anaweza kuchungulia yale ambayo hayakufumbwa kwa njia nyingine.

Basi tutazame makosa yalipo.

Kwanza, mwandiko. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili mbalimbali, na nafasi nayo inahesabiwa. Wengine huandika sifuri mahali pa O. Simu nyingine hukuza herufi ya kwanza zenyewe. Bonyeza alama ya jicho uone unachoandika. Neno lenyewe halipungui herufi 8. Ukihesabu 7 ujue umeruka moja.

Pili, neno likibadilishwa, simu hung'ang'ania lile la zamani. Ingia kwenye mipangilio, gusa jina la waifai yetu, chagua kusahau, kisha andika upya.

Tatu, simu ikisema imeunganishwa lakini hakuna intaneti, usilaumu neno la siri. Wewe umeshaingia! Huenda bando limekwisha au mtandao wa kampuni umekatika. Mwambie karani.

Nne, ikikwama inatafuta anwani, huenda simu zimejaa, maana mtambo una kikomo chake. Aliyemaliza shughuli atoke. Zima waifai ya simu, subiri kidogo, washa tena.

Tano, usipoliona jina kabisa, sogea karibu. Ukuta na bati huzuia. Mitambo mingine hurusha kwa njia mbili, ya 2.4 na ya 5, na simu nyingi za zamani huona ya 2.4 tu. Karani ahakikishe hiyo imewashwa.

Na ukiona jina kama letu lakini halina kufuli, usiingie. Huenda ni mtego.

Lakini uongozi nao usikwepe. Neno la siri la kunong'onezana mlangoni ndilo linalozaa makosa. Liandikwe kwa herufi za kusomeka kwenye daftari la karani, mwanachama alione kwa macho yake. Lisibandikwe ubaoni hapa. Vijana wawili wapewe zamu siku ya soko wawasaidie wazee. Mzee akishindwa kuunganisha simu si mjinga, hajaelekezwa tu.

Mkutano ukifika tudai maelekezo hayo. Kufuli tuliache mahali pake.

Mwanachama mwenzenu