Foleni Haihesabiwi Kwenye Dashibodi

Toyota IST za kizazi cha kwanza, zilizoundwa Japani kati ya 2002 na 2007, bado zinatoka Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju jijini Dar es Salaam kila alfajiri, na nyingine zinavuta kama zimeshuka melini jana. Siri ni matunzo. Injini yake ya lita 1.5 hutumia cheni ya taimingi, nayo hulainishwa na oili ileile ya injini. Anayechelewa kumwaga oili anaimaliza na cheni. Tena dashibodi huhesabu kilomita tu, si saa ambazo injini inanguruma gari limesimama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa. Kwa matumizi hayo, oili na filta vibadilishwe kila kilomita 5,000 au miezi sita. Hatari kubwa zaidi iko kwenye rejeta: maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za jiji yana chumvi, hula alumini ya injini, wakati kulanti huzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Wako pia mafundi wanaong'oa thamostati wakidhani wanaipoza injini. Matokeo yake injini huchelewa kupata joto linalotakiwa na kula mafuta zaidi. Thamostati irudishwe, kulanti mpya ijazwe, kabla ya safari ndefu kama ya Desemba kwenda Moshi.