Kabla ya Kuuza Ng'ombe kwa Ajili ya Mgongo

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, mgongo ndio unaolisha nyumba. Mchuma majani chai huinama tangu asubuhi akiwa na kikapu mgongoni, mchongaji wa mawe wa Tabaka hushinda ameinamia kazi yake, na akina mama hupanda na kushuka milima na mizigo ya ndizi. Si ajabu basi kusikia wazee wakilalamika kwamba kiuno kimewauma kwa miaka. Nao si peke yao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 619 ulimwenguni waliumwa na kiuno.

Mzee wa aina hiyo akisikia habari za tiba ya kuchoma neva, watoto wake walio mjini huanza kuulizana: tuitishe harambee au tuuze ng'ombe? Kabla ya kufika huko, yafaa familia ijue tiba yenyewe ni nini.

Daktari, akitazama picha ya eksirei, huingiza sindano ndefu hadi kwenye neva ndogo inayopeleka habari za maumivu kutoka kwa viungo vya uti wa mgongo. Ncha ya sindano hupata joto la nyuzi kama 80 kwa dakika moja hivi, na neva huungua. Kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hata hivyo, kiungo chenyewe hakiponi, ni habari tu iliyokatizwa. Neva huota tena baada ya miezi kadhaa au mwaka na zaidi, na maumivu yaweza kurudi.

Abagusii si wageni wa kupasuliwa kwa sababu ya maumivu. Omobari, mpasuaji wa jadi, alijulikana kwa kukwangua fuvu la mtu aliyeumwa na kichwa muda mrefu baada ya kupigwa au kuanguka. Daktari Edward Margetts, aliyepata kufanya kazi katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika juu ya kazi hiyo mwaka wa 1967. Omobari alianza kwa kutafuta palipoumia. Daktari wa neva naye yampasa kwanza adunge ganzi ya majaribio. Maumivu yasipopungua, neva hiyo siyo yenye kosa, na kuichoma ni hasara tupu.

Je, tiba hii inafaa? Wataalamu hawajaafikiana. Mwaka wa 2016 taasisi ya NICE ya Uingereza ilisema yaweza kufikiriwa iwapo tiba nyingine zimeshindwa na sindano ya majaribio imeleta nafuu. Mwaka wa 2017 utafiti wa wagonjwa 681 nchini Uholanzi ulionyesha kwamba kuchoma neva pamoja na mazoezi hakukuleta nafuu ya maana kupita mazoezi peke yake. Februari 2025 jopo la wataalamu katika jarida la BMJ lilishauri kwa mkazo kwamba isitumiwe kwa maumivu sugu ya mgongo yasiyotokana na saratani.

Gharama nayo si ya sindano moja. Kuna ada ya daktari bingwa, picha, ganzi ya majaribio, chumba cha upasuaji, nauli na malazi ya anayemsindikiza mgonjwa, kisha kurudia yote neva ikiota. Omba hesabu nzima kwa maandishi, na uulize Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani.

Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mazoezi na mafunzo ya kuutunza mgongo, na likashauri mikanda ya kiuno isitumiwe kama tiba ya kawaida. Anza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, na umpunguzie mzee mizigo.

Lakini miguu ikilegea au kufa ganzi, mkojo au choo kikimshinda kuzuia, au akiwa na homa na kukonda, usingoje mazoezi wala harambee. Huenda ni kifua kikuu cha mifupa, saratani au neva zilizobanwa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.