Makovu ya chunusi na tiba ya damu: Ruhusa ipo, na mipaka ipo



Ndugu Waislamu, hivi karibuni mama mmoja alinisubiri nje ya msikiti baada ya sala ya Alasiri, akiwa na bintiye aliyeshusha mtandio hadi karibu na macho. "Sheikh," alisema, "chunusi zimekwisha, lakini zimemwachia mashimo usoni. Haendi harusini wala kwa jamaa. Daktari anataka kumtoa damu yake mwenyewe, kisha amdunge usoni. Baba yake anasema damu ni najisi, na huko ni kubadili maumbile ya Mungu. Tufanyeje?"

Kwanza tulijue jambo lenyewe, kwani hukumu ya kitu hufuata kukielewa. Daktari huchota damu kidogo mkononi, akaitia katika mashine inayoizungusha kwa kasi. Chembe nyekundu huzama, na juu hubaki majimaji ya manjano yenye wingi wa chembe sahani, zile zinazogandisha damu tunapojeruhiwa. Hayo hudungwa ndani ya makovu, mara nyingi pamoja na kuitoboatoboa ngozi kwa sindano ndogo sana, ili ngozi ichochewe kujijenga upya. Tiba hurudiwa mara kadhaa. Makovu hupungua kina, lakini ni nadra kufutika kabisa.

Hoja ya baba ina uzito. Damu inayotiririka imeharamishwa katika Suratul An'am, aya ya 145, na wanazuoni wameihesabu kuwa najisi. Lakini aya hiyo inazungumzia chakula. Na mafakihi wa madhehebu ya Imam Shafi wameruhusu kujitibu kwa kilicho najisi pale mjuzi wa tiba asipopata dawa tohara ya kutosheleza. Basi daktari aulizwe kwanza: hakuna njia nyingine? Kwa ngozi nyeusi, miale ya leza na dawa za kuchubua huweza kuacha madoa meusi, na hapo tiba hii hupata sababu yake.

Ama kubadili maumbile, tutofautishe mambo mawili. Kilichokemewa ni kuligeuza umbo zima kwa kutafuta uzuri tu. Kovu si umbo la kuzaliwa, bali ni athari ya maradhi. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikamletea harufu mbaya, Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu nalo, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kurekebisha kasoro zilizoletwa na maradhi, ajali na kuungua.

Ninachokihofia mimi zaidi ni mikono inayoishika sindano. Mwaka 2018, katika mji wa Albuquerque nchini Marekani, wanawake waliotibiwa nyuso kwa damu yao katika saluni isiyo na leseni waliambukizwa virusi vya UKIMWI. Wakaguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina ndani ya jokofu la jikoni, pamoja na vyakula. Mwaka 2024 wataalamu wa afya wa nchi hiyo walitangaza kuwa wateja watatu walipata maambukizi humo. Damu ya mtu mwenyewe ni salama kwake, ila ikichanganyika na ya mwingine, au sindano ikirudiwa, tiba hugeuka msiba. Sheria yetu haikubali kuondoa dhara kwa dhara kubwa zaidi.

Kwa hiyo masharti ni haya: awe daktari wa ngozi aliyesajiliwa, na kwa binti akipatikana daktari mwanamke ni bora; sindano na mirija vifunguliwe mbele ya mgonjwa; na gharama isiwe ya deni wala ya kuwanyima wengine nyumbani haki yao. Miadi ipangwe ili isigongane na udhu, kwa kuwa uso huzuiwa maji kwa saa kadhaa. Baada ya Isha ni wakati mwafaka.

Wazazi nao wajiulize: chunusi zilipoanza, tulifanya nini? Wengi wetu tulicheka, tukamwita mtoto kwa jina la uso wake, naye akakimbilia mkorogo na kuzikamua kwa kucha. Chunusi zikitibiwa mapema, makovu hupungua sana. Kinga ni nyepesi kuliko sindano.

Nilimwambia mama yule: ruhusa ipo kwa masharti hayo. Na binti nikamwambia: ukitibiwa ni sawa, usipotibiwa ni sawa, ila harusini nenda, na jamaa watembelee. Thamani yako mbele ya Mola wako haikupungua hata siku moja.

Wallahu a'alam.