Hatuhitaji Kuua Kila Kijidudu

Nimechoka na matangazo ya dawa za kusukutua zinazojisifu kuua karibu kila kijidudu kinywani. Sigombani na asilimia zao, hizo wanazijua wenyewe. Ninachopinga ni wazo kwamba kinywani kuna pande mbili tu, sisi na wao. Nasoma shahada ya uzamili katika maikrobiolojia, na kila nikifungua makala kuhusu fizi nakuta vita nyingine kabisa: wao kwa wao.

Chukua bakteria mmoja, Aggregatibacter actinomycetemcomitans. Jina ni refu, hata wataalamu humwita Aa. Anatuhumiwa katika ule ugonjwa wa fizi unaowapata vijana, unaokula mfupa wa magego ya kwanza na meno ya mbele kimyakimya, mwenyewe akiwa bado sekondari. Utafiti wa Moroko uliochapishwa mwaka 2008 katika The Lancet ulionyesha kwamba vijana waliobeba aina kali ya Aa, iitwayo JP2, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua. Si mchezo, basi.

Lakini Aa hakai peke yake. Mwaka 1982, Hillman na Socransky wa Boston walieleza jinsi anavyozuiliwa na Streptococcus sanguinis, mkazi wa kawaida wa jino lenye afya. Silaha yake ni haidrojeni peroksaidi, ileile ya kusafishia vidonda na kubadilishia rangi ya nywele saluni. Pale streptokoki hawa walipojaa, Aa alikuwa haba. Palipotawala Aa, wao walikuwa wachache. Naye Aa hakai kimya, ana protini yake ya kuwaua.

Msikimbilie sasa kauli mbiu ya pili, ile ya “bakteria wazuri”. Nayo inanikera. Streptokoki haohao hutoa asidi ya laktiki, na Aa huila. Peroksaidi ikimfikia, hutengeneza kimeng’enya cha kuivunja. Ni jirani anayekurushia mawe huku akikuachia chakula mlangoni. Mzuri ni nani hapo?

Swali la maana ni nani anashinda, na kwa nini. Streptokoki wanahitaji oksijeni kutengeneza peroksaidi. Ukoga ukiachwa ukagandamana, ufizi huvimba na kuachana na jino, pakabaki mfuko. Mfuko ukizidi kina, oksijeni hupungua huko chini na silaha ya streptokoki haitengenezeki tena. Hawajafa kwa kukosa dawa. Mazingira yamewanyang’anya silaha.

Halafu mtu anakwenda duka la dawa, anasema fizi zinatoka damu, anauziwa amoksilini nusu dozi. Nimeliona hili mara nyingi, wala sijasikia muuzaji akiuliza, “Umesafishwa meno lini?” Amoksilini inawaua streptokoki pia. Ukoga mgumu unabaki palepale, na mfuko unabaki na kina chake, ukiwasubiri walewale wanaopenda giza lisilo na hewa.

Nitaambiwa watu hawana hela ya daktari wa meno. Ni kweli, na ndiyo maana nakasirika: hela yao ndogo inaishia kwenye chupa na vidonge. Dawa ya kusukutua ina kazi yake, kwa mfano kwa siku chache baada ya upasuaji wa kinywa, daktari akiagiza. Mswaki, uwe wa mti au wa dukani, hukwangua ukoga, na wa kwanza kurudi kwenye jino lililosafishwa, ndani ya saa chache tu, ni streptokoki. Ukoga uliokwisha kuwa jiwe hautoki kwa mswaki. Huo unahitaji vyuma vya daktari, na hapo ndipo bima na bajeti za zahanati zingepaswa kuelekezwa.

Na yale mabango ya shuleni yenye mdudu mwenye pembe na mkuki, yafutwe. Wachoreni watoto ufizi na kile kijiti cha kupimia, wajue kwamba milimita 3 ni sawa na milimita 6 ni kumwona daktari wiki hii.