Ras Kasone si ya kuogelea tu

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulipanga kijumba cha mapumziko Ras Kasone, Tanga, kwa siku nne. Mwenyeji alitusifia bahari tu. Hakututajia kwamba hapo ndipo jeshi la Waingereza, watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, lilipoteremka Novemba 1914, likarudishwa majini na jeshi la Wajerumani la watu 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika. Nyuki nao walipigana, ila wao waliuma pande zote.

Siku ya tatu tulichukua bodaboda mbili hadi Tongoni, kusini mwa mji, penye gofu la msikiti na makaburi ya karne ya 14 na 15. Kwenye kaburi moja nilitia vidole katika tundu la duara, laini kama ndani ya kikombe. Bakuli la kigeni lililopapamba hapo limeshang'olewa. Mke wangu, asiyependa magofu, ndiye aliyekataa kuondoka.

Wenye nyumba za wageni Tanga, nawaomba: bandikeni ukutani karatasi moja ya historia ya mahali, kando ya ile ya nywila ya intaneti.

Msomaji wako,
Moshi